"Gari la kompyuta" linatengenezwa Garsen, tena uani

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za PHP, MySQL na Linux. Leo vumilieni kidogo, hakuna msimbo. Leo nina ugomvi na sentensi moja ambayo nimeisikia Garsen tangu nikiwa shule ya msingi, na niliporudi na digrii yangu ya kompyuta nikaikuta bado inatembea mitaani: "Hili ni gari la kompyuta. Hapa halitengenezeki. Lipeleke Mombasa."

Uongo. Tena ni uongo wa gharama kubwa.

Chukueni mfano wa karibu. Mjomba wangu ana Probox ya injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, zile zile zilizojaa Pwani nzima. Alfajiri inabeba samaki na maembe, mchana abiria wa Ngao na Tarasaa, na usiku ikibidi inabeba mgonjwa. Mwezi uliopita ikaanza vituko. Ikisimama bila kukanyagwa mafuta, injini inapanda na kushuka, inatetemeka, inataka kuzima. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Ikishika lami na kukimbia, iko sawa kabisa.

Gereji moja, jina lake na mji wake nitayaacha, ikamwandikia orodha: plagi zote nne, koili, pampu ya petroli, kusafisha nozeli. Hakuna aliyepima kitu. Gari lilale huko siku tatu, na siku tatu kwa mwenye Probox ni siku tatu bila unga nyumbani.

Ugonjwa ulikuwa gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Kipande cha mpira tu. Tulikibadilisha uani, chini ya mwembe, kwa alasiri moja.

Sasa nieleze kwa nini naikataa ile sentensi.

Kwanza, elewa kinachotokea. Hewa inayoingia kwenye injini hupita mbele ya sensa inayoipima, kisha kompyuta hupiga hesabu ya petroli kulingana na kipimo hicho. Gasketi iliyokauka huacha upenyo kati ya manifoldi na kichwa cha injini. Hewa inaingia hapo kama abiria aliyedandia mlango wa nyuma: kondakta hajamhesabu. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, na injini inayumba. Injini ikiwa imetulia, throto imekaribia kufungwa, kwa hiyo mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa na upenyo mdogo unaleta fujo kubwa. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi, na ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana barabarani gari lilikuwa sawa.

Pili, na hapa ndipo hasira yangu ilipo: KOMPYUTA INAYAJUA HAYO YOTE, TENA INAYASEMA. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona hewa imezidi, na kompyuta inaongeza petroli kufidia. Kiasi inachoongeza kinasomeka kama asilimia. Injini nzima hukaa karibu na sifuri. Yetu ilikuwa imeongeza zaidi ya asilimia 20 ikiwa imetulia, na tulipoipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika ikashuka karibu na sifuri. Huo ni wimbo wa hewa ya wizi. Pampu dhaifu huimba kinyume chake: hali huwa mbaya zaidi injini inapofanya kazi nzito. Msimbo wa kosa ulikuwa P0171, maana yake mchanganyiko una petroli kidogo mno.

Kusoma haya kunahitaji kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, cha aina ya ELM327, na simu. Marekani ililazimisha mlango wa OBD-II kwenye kila gari jipya la abiria kuanzia modeli za 1996, kwa ajili ya kudhibiti moshi, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001. Sisi tumenufaika bila kupiga kura. (Angalizo: Probox za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani si zote zinazokubali kila kifaa. Jaribu kabla ya kulipa.)

Kwa hiyo kabureta ya babu yako ndiyo iliyokuwa siri. Gari la kompyuta linakuambia linapoumwa. Ni rahisi ZAIDI kulitengeneza Garsen. Anayekwambia vinginevyo ama hajui, ama anakula kwa sababu wewe hujui.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi:

1. Thibitisha. Nyunyiza maji kwa mvuke mwembamba kwenye maungio ya manifoldi injini ikiwa inanguruma, mbali na koili na nyaya. Mlio ukibadilika, umepata upenyo. Usinyunyize petroli. Watu wameunguza magari hivyo.

2. Acha injini ipoe. Toa waya wa hasi wa betri. Piga picha kila paipu na kila plagi ya waya kabla ya kugusa. Picha hizo ndizo bakapu yako.

3. Toa boksi la kichujio cha hewa, chomoa throto, kisha legeza bolti za manifoldi kidogo kidogo. Paipu za petroli usizifungue kama hazikuzuii.

4. Ziba matundu ya kichwa cha injini kwa vitambaa safi. Vumbi letu unalijua, na nati moja ikidondokea humo utalia. Hesabu vitambaa.

5. Safisha uso wa kichwa cha injini kwa kitambaa na kiyeyusho. Usikwangue kwa bisibisi. Ile ni aluminiamu, na mkwaruzo ni upenyo mpya.

6. Weka gasketi mpya. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Manifoldi ni ya plastiki. Ukikaza kwa hasira inapasuka.

Baada ya hapo tulifuta msimbo, tukaacha injini itulie, na asilimia zikarudi karibu na sifuri. Wakati wa kupima ulikuwa mrefu kuliko wa kufungua. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwenye injini na kwenye seva.

Neno moja kuhusu silikoni. Tafadhali, mafundi wangu, acheni kuipaka kila mahali! Gasketi hii ya mpira hukaa kwenye mfereji wake na haitaki gundi. Mvuke wa petroli hulainisha silikoni ya kawaida, vipande vinavutwa ndani, na aina nyingine hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni. Ni sawa na mwandishi wa programu anayefunika kosa ili lisionekane kwenye skrini. Kosa liko pale pale.

Najua jibu litakalokuja: "Unawanyima mafundi riziki." Kinyume kabisa. Fundi wa jua kali wa Garsen ana mikono kuliko mimi. Mimi nilishika simu, yeye alishika spana. Anayemnyima riziki ni yule anayesema kazi iende Malindi, zaidi ya kilomita 100, au Mombasa, zaidi ya 200. Na mafuriko ya mwisho wa 2023, kisha ya Aprili na Mei 2024, barabara zilipokatika, hiyo Mombasa ungeifikia vipi?

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi kaunti ya Tana River ifundishe somo la kusoma kompyuta ya gari: kifaa kimoja kwa darasa, simu walizonazo wanafunzi, na Probox moja ya kufanyia mazoezi. Haihitaji jengo jipya wala mfadhili.

Nanyi wenye magari, kuanzia leo fundi yeyote akikwambia badilisha kitu, muulize swali moja: "Umepima nini?" Akikosa jibu, funga boneti, uende kwa anayepima.

Wiki ijayo tunarudi kwenye MySQL. Kwaherini.