Kufunga Akaunti si Kufunga Kwaresima

Leo siandiki kuhusu Linux wala PHP. Nataka tuzungumze juu ya Kwaresima, lakini msiondoke, kompyuta zimo pia.

Kila mwaka Jumatano ya Majivu ikikaribia, sisi waandishi wa programu hapa Nairobi huulizana tunafunga nini. Huyu anaacha Facebook, yule YouTube, mwingine michezo ya simu. Kiswahili kinaturahisishia mambo, maana kufunga akaunti na kufunga Kwaresima ni neno lile lile. Siku hizi naona neno hilo linatudanganya.

Nitajitolea mfano mimi mwenyewe. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi. Nilipakwa majivu St. Austin's, hapa kwetu Muthangari, kisha nikaondoa Facebook na YouTube kwenye simu. Hesabu yake ni hii: tangu siku hiyo hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili 6 zinabaki 40. Nilikuwa nikipoteza saa 2 kila siku humo. Kwa hiyo nimerudishiwa saa 80!

Nikazifanyia nini? Niliendelea kuandika programu yangu ya pembeni. Nilijisikia mtakatifu kweli.

Wiki ya tatu, mlinzi wa usiku wa ploti yetu, mzee anayekuja kwa miguu kutoka Kawangware, alinisimamisha getini. "Bosi, msichana wangu ana fomu ya basari, inajazwa kwa intaneti. Wewe ni mtu wa kompyuta, utanisaidia?"

"Kesho, mzee," nikamjibu.

Alinikumbusha mara moja tu, nikasema kesho tena. Nilipokuja kumuuliza, siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa imepita. "Hakuna shida, bosi," akasema. Shida ilikuwepo. Muhula uliofuata msichana alichelewa kurudi shule kwa ajili ya karo. Fomu ile ingenichukua nusu saa, nami nilikuwa na saa 80.

Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu ni ya Mathayo sura ya 6. Itazameni vizuri: inaanza na sadaka, inafuata sala, kufunga kunakuja mwisho. Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe inadai siku 2 tu za kufunga chakula, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na hapa Kenya, Kampeni ya Kwaresima ya maaskofu huzipa jumuiya ndogo ndogo kijitabu chenye hadithi za maisha yetu wenyewe, watu wazijadili kisha watende jambo. Mkazo uko kwa jirani.

Najua wengine watasema kupumzisha macho na akili ni faida tosha. Sikatai. Unalala vizuri, hata kusali kunakuwa rahisi. Lakini hayo ni matengenezo, kama kusafisha diski ya kompyuta. Ukifuta mafaili ya zamani halafu ukajaza nafasi kwa mambo yako mengine, nani mwingine amefaidika? Chakula alichojinyima mfungaji kilikusudiwa kifike kwa mwenye njaa. Saa nazo ni hivyo hivyo, hasa kwetu sisi ambao ujuzi wetu majirani wanauhitaji kila siku: fomu, barua pepe, simu iliyokwama.

Nilimwomba mzee msamaha, akanisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Tangu hapo nina kanuni moja, nami nawaachia: kabla hujaondoa programu yoyote kwenye simu, andika kwenye karatasi jina la mtu atakayepewa saa hizo. Kama huna jina, hujaanza kufunga.

Wewe je, karatasi yako ina jina la nani?