Namba Moja kwa Siku Thelathini

Tangazo lenyewe ni fupi: "Tutaiweka tovuti yako namba moja Google ndani ya siku 30." Anatumiwa mwenye duka la nguo Kariakoo, mwenye kampuni ya kupandisha watalii Kilimanjaro, daktari wa meno Mombasa, fundi wa sola Kisumu. Anayelituma mara nyingi ni kijana aliyesoma, anayejua kutaja maneno ambayo mteja ataona aibu kuuliza maana yake. Nina ugomvi na tangazo hilo. Nina ugomvi mkubwa zaidi na sisi tunaolishangilia, tunaosema ndio ujanja wa mjini, Google ni tajiri wa Marekani, akidanganywa kidogo nani ataumia?

Ataumia mwenye duka. Ubishi wangu wote uko hapo.

Tuanze na namna kitu hiki kinavyofanya kazi. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Stanford, walichapisha maelezo ya mtambo wao wa kutafuta kurasa za intaneti. Wazo lao kubwa walilitoa kwenye maisha ya chuo: makala ya kitaaluma inayotajwa na makala nyingine nyingi, hasa zenye heshima, huenda ina uzito. Basi na ukurasa wa intaneti upimwe hivyo, kwa kurasa zinazouelekezea wasomaji. Kiswahili sanifu kinaita uelekezaji huo kiungo, wingi viungo, neno lile lile la mdalasini na la goti, ndiyo maana mtaani tunasema linki, nami nitasema linki. Linki ni ushahidi. Mtu anakwambia: nenda kwa yule, namjua. Google imeongeza vigezo vingi tangu siku hizo, lakini ushahidi huo bado una thamani.

Na kitu chenye thamani hupata madalali. Wapo wanaouza linki kwa mamia. Wapo wanaojaza ukurasa maneno yale yale, yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mashine iyaone na msomaji asiyaone. Wapo wanaoionyesha Google ukurasa mmoja na binadamu ukurasa mwingine. Wapo wanaonunua sifa za nyota tano kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga nchi ilipo hoteli wanayoisifia. Wenyewe wanaiita kazi ya kofia nyeusi, kutokana na filamu za zamani za Marekani ambamo jambazi huvaa kofia nyeusi ili hata mtoto amtambue. Ajabu ni kwamba katika biashara hii mteja ndiye asiyemtambua.

Chukua JC Penney. Ni duka la Marekani lililoanza mwaka 1902, na kufikia 2010 lilikuwa na matawi zaidi ya 1,000. Msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka huo, Mmarekani aliyetafuta magauni Google alilikuta la kwanza. Akitafuta matandiko, la kwanza. Mazulia, la kwanza. Akitafuta sanduku la safari la Samsonite, kwa jina hilo hilo la Samsonite, alilikuta JC Penney limekaa juu ya Samsonite wenyewe. Gazeti la New York Times likaona jambo hilo haliingii akilini, likamwomba mtaalamu achimbe. Alikuta kurasa zaidi ya 2,000 zenye linki za maneno kama "magauni ya kawaida", zote zikielekea JC Penney, zimebandikwa kwenye tovuti zisizohusiana na nguo hata kwa mbali: ya uhandisi wa nyuklia, ya nyumba zinazouzwa Bulgaria, za madaktari wa meno.

Picha hiyo hunichekesha kila ninapoifikiria. Mhandisi wa nyuklia, katikati ya maelezo ya vinu, anakugeukia na kukushauri ununue gauni.

Google ilipopelekewa ushahidi, Februari 2011, ilitoa adhabu kwa mkono, bila kusubiri mashine. Saa moja jioni JC Penney ilikuwa ya kwanza kwa masanduku ya Samsonite. Saa tatu usiku ilikuwa ya 71. Kwa samani za sebuleni ilitoka nafasi ya 1 ikaenda ya 68. Adhabu ilidumu takriban miezi mitatu. Kampuni ilisema haikuidhinisha linki hizo wala haikujua kuwa zipo, kisha ikamfukuza mkandarasi wake.

Haikujua. Wengi walilicheka jibu hilo, hasa Google iliposema ilishaikuta tovuti hiyo na makosa mara tatu kabla ya hapo. Mimi naamini inawezekana kabisa wakubwa wa JC Penney hawakujua, na hilo ndilo linalonitisha. Bidhaa inayouzwa hapa ni kutojua. Unalipa ili usiulize. Unaonyeshwa mchoro unaopanda kila mwezi, unafurahi, na kazi iliyoupandisha imefanyika mahali ambapo hutawahi kufungua. Kampuni yenye wanasheria na wahasibu ghorofa kwa ghorofa ilishindwa kuona. Mama mwenye duka la vitenge ataona kwa jicho gani?

Tunawajua wapiga debe wa stendi. Kazi ya mpiga debe ni kujaza basi, na analipwa basi likijaa. Likikwama Kitonga usiku wa manane yeye yuko stendi, anaita abiria wa basi lingine. Simlaumu sana, maana abiria anajua kwamba mpiga debe si dereva. Muuza linki anakwambia yeye ndiye dereva.

Zipo kesi nyingine mashuhuri, nazipitia haraka. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa Google kwa sababu ya kurasa zilizorundikwa maneno ya "magari yaliyotumika" kwa ajili ya mashine, wakati binadamu aliyezifungua alihamishiwa kwingine. Siku chache baadaye ikarudi. Rap Genius, tovuti ya kufafanua maneno ya nyimbo, ilishushwa siku ya Krismasi 2013, ikarudi baada ya siku kama kumi. Interflora, wauza maua wa Uingereza, walipotea Februari 2013 kiasi kwamba hata ukiandika jina lao huwaoni. Walirejea baada ya siku kama 11, kabla tu ya Siku ya Mama ya Uingereza. Magazeti ya mikoani yaliyowauzia nafasi ya makala za matangazo nayo yalishushwa hadhi.

Tazama muda: siku chache, siku kumi, siku kumi na moja. Wateja wa ujanja huu husimuliwa kesi hizi kama faraja, kwamba hata BMW walianguka wakainuka. Lakini BMW wanatafutwa kwa jina. Google isiyoonyesha BMW inaonekana yenyewe imeharibika, kwa hiyo ina sababu ya kuwarudisha upesi. Duka lako likitoweka, hakuna atakayeona pengo. Atabofya la jirani. JC Penney ilikuwa na matawi zaidi ya 1,000 ya kuuzia wakati tovuti inaadhibiwa. Wewe tovuti ndiyo tawi lako.

Kuna walioumia bila kuandikwa na gazeti lolote. Aprili 2012 Google ilianzisha hesabu iliyoitwa Penguin, ya kuwashusha wenye linki za kununua. Hapo hakukuwa na mtu wa kumwandikia barua. Aliyeangukiwa alipaswa kusafisha linki zote, kisha asubiri Google iipitishe hesabu hiyo upya. Baada ya toleo la mwisho wa 2014, lililofuata lilikuja Septemba 2016. Ulisafisha, ulitubu, na bado unakaa karibu miaka miwili nje ya mlango. Kodi ya fremu haisubiri miaka miwili. Na katika kipindi hicho baadhi ya wenye tovuti zilizobeba linki hizo waligundua biashara mpya: kuwatoza watu ada ili waziondoe. Umelipa kuwekewa, sasa unalipa kutolewa. Waliobuni hadithi ya chuma ulete hawakufikiria mbali hivyo.

Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba Google yenyewe si malaika. Kweli si malaika. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba kampuni hiyo imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ukurasa wake wa kwanza umejaa matangazo ya kulipia, na mwenye duka dogo ana haki ya kukasirika anapoona ameshushwa chini ya matajiri. Hoja hii naipokea kwa mikono miwili, kwa sababu inanisaidia. Kama mji mzima una mwenye nyumba mmoja tu, mkali, asiyejibu simu, hivyo ndivyo unavyoamua kumghushia risiti ya kodi? Kwenye soko lenye milango kumi, ukifungiwa mmoja unahamia mwingine. Kadiri Google inavyohodhi, ndivyo kosa la dalali linavyokugharimu. Anayekuhubiria ubaya wa Google huku akiutumia mlango wake kwa hila anakuwekea rehani kitu ambacho si chake.

Sisi tunaoandika tunahusika pia, maana kofia nyeusi hainunui linki tu, inanunua maneno. Vijana wengi wa Nairobi na miji mingine wamekula kwa kazi hiyo, makala ya maneno mia tano kuhusu mabomba ya Ohio iliyoandikwa na mtu asiyewahi kuiona Ohio. Sasa hata ujira huo mdogo umehamia kwa mashine. The Hairpin ilikuwa tovuti ya Marekani ya insha na ucheshi, makao ya waandishi wanawake, na Jia Tolentino aliwahi kuwa mhariri wake. Ilifungwa 2018. Mapema 2024 ilionekana imefufuka: mtu alinunua anwani yake kwa sababu ya linki zilizokuwa bado zinaielekea, akaijaza makala za akili bandia, na kwenye baadhi ya makala za zamani akafuta majina ya wanawake walioziandika akaweka ya wanaume. Heshima ya waandishi, iliyojengwa kwa miaka, ikawa mbolea.

Machi mwaka huo huo Google ilitangaza kanuni dhidi ya mambo hayo, ununuzi wa anwani za marehemu na uzalishaji wa makala kwa lundo. Mfanyabiashara anayelipia makala 200 kwa mwezi leo amekaa juu ya kile kile walichokalia JC Penney.

Kiswahili kinaumia haraka zaidi, kwa kuwa kisima chetu ni kidogo. Mwaka 2024 watafiti, baadhi yao wa Amazon, walionyesha kwamba katika lugha zenye maandishi machache mtandaoni, sehemu kubwa ya maandishi hayo ni tafsiri ya mashine, na kwamba yanayotafsiriwa hivyo huelekea kuwa hafifu tangu mwanzo, pengine kwa ajili ya pesa za matangazo. Mzazi anayetafuta kwa Kiswahili dalili za nimonia kwa mtoto anaweza kuangukia ukurasa ambao hakuna mtu aliyeusoma kabla yake. Na kando ya ukurasa huo kuna jina la kampuni fulani, ambayo huenda haijui kwamba ipo hapo.

Mwenye duka akitumiwa tangazo lile, amjibu mtumaji kwa ombi moja: nitumie kila wiki orodha ya kurasa zote utakapoweka jina langu, nizifungue mwenyewe. Anayefanya kazi halali, yule anayefanya ukurasa ufunguke haraka kwenye simu, anayeandika bei na saa za kazi na kupiga picha duka lenyewe, ataituma bila taabu. Yule mwingine atasema hiyo ni siri ya kazi, kisha atapunguza bei.