Mdomo Ukishonwa, Kazi Haijaisha



Katika vijiji vyetu mara nyingine huzaliwa mtoto ambaye mdomo wake wa juu umepasuka. Watu wengi huita hali hii mdomo sungura. Jina hilo halifai, maana mtoto si sungura. Sisi tuseme mdomo wazi. Mara nyingi kaakaa nalo, yaani sehemu ya juu ndani ya kinywa, huwa limepasuka. Duniani, karibu mtoto mmoja katika kila watoto 700 huzaliwa na hali hii. Kwa hiyo si ajabu ya kijiji kimoja wala ya kabila moja.

Kwanza tuache lawama. Wengine husema mama alimcheka mwenye kilema. Wengine husema amerogwa. Ukweli ni huu: uso wa mtoto huumbwa tumboni katika miezi mitatu ya kwanza. Upande wa kulia na upande wa kushoto hukua hadi kukutana na kuungana. Pande hizo zisipoungana, mtoto huzaliwa na ufa. Mdomo huungana mapema sana, pengine kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Sababu ni nyingi. Nyingine hurithiwa katika ukoo, na ukoo una baba na mama. Nyingine hutokana na upungufu wa lishe, pombe, sigara au baadhi ya dawa wakati wa mimba. Mume anayemfukuza mke wake kwa jambo hili anamwonea.

Pili, mtoto anyonye na kushiba. Mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta maziwa vizuri, na maziwa hutokea puani. Mama akamue maziwa yake katika kikombe safi, amwinue mtoto, amnyweshe polepole kwa kijiko, na amcheulishe mara kwa mara. Uzito ni jambo kubwa hapa. Kwa kawaida madaktari hushona mdomo mtoto akiwa na miezi mitatu au zaidi, akiwa na kilo 5 hivi, na damu ya kutosha. Malaria na njaa humchelewesha. Basi kadi ya kliniki na chandarua ni sehemu ya matibabu.

Sasa nifikie jambo ninalotaka kulisisitiza. Wazazi wengi wakiona mdomo umeshonwa na uso umependeza, hudhani kazi imekwisha. Kaakaa husahauliwa kwa sababu halionekani. Mimi naona kosa hili ni kubwa kuliko kuchelewa mwanzoni.

Fanya jaribio hili darasani. Sote tulijifunza ba, be, bi, bo, bu. Ziba pua yako kwa vidole, kisha sema "ba". Inatoka bila shida. Sasa sema "ma". Inakwama. Maana yake ni kwamba "ma" huhitaji hewa ya puani, lakini "ba" huhitaji hewa ibaki kinywani. Kaakaa ndilo linalofunga njia ya pua. Mtoto mwenye kaakaa wazi hana kizuizi hicho. Anamwita "baba", lakini watu husikia "mama". Akifika shule, watoto humcheka. Mwalimu asipoelewa hudhani ni mzito wa akili. Mwishowe mtoto hunyamaza, au huacha shule akachunge ng'ombe. Akili yake ni nzima, ila hakuna anayemsikia.

Tena, watoto hawa huugua masikio mara nyingi, na wengine hupoteza usikivu. Kwa hiyo kaakaa hushonwa mapema, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kusema vibaya. Aliyechelewa naye apelekwe, bado atasaidika. Ikiwa ufizi nao umepasuka, huenda akahitaji upasuaji mwingine akiwa na miaka 8 hadi 11. Bandu bandu huisha gogo.

Najua majibu ya wazazi. Mmoja husema, "Safari ni ndefu, na sasa ni msimu wa pamba." Mwingine husema, "Mtoto wangu amepona, kwa nini akatwe tena?" Hofu hiyo naiheshimu. Hakuna mzazi anayependa kumkabidhi mtoto wake kwenye kisu mara ya pili. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, nayo hufanya upasuaji huu. Tangu Juni 2025 lipo Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Mzazi wa Sengerema hangoji tena kivuko. Wa Ukerewe bado anavuka ziwa, lakini anafika. Kuhusu gharama, shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, hugharimia upasuaji huu katika baadhi ya hospitali za Tanzania. Basi usikate tamaa kabla ya kuuliza zahanati yako.

Linalobaki ni letu wanakijiji. Mama akienda hospitali, nani atabaki na watoto wengine? Nani atapalilia shamba lake? Baba asiseme hiyo ni kazi ya wanawake. Aandike tarehe ya kurudi hospitali ukutani, na nauli aitenge tangu siku ya mavuno au siku dagaa wanapouzwa. Baada ya kaakaa kushonwa, mtoto apewe uji na vyakula laini kama daktari alivyoagiza, si muwa wala mahindi ya kuchoma. Na kila siku mtu wa nyumbani aketi naye amfundishe kutamka: ba, pa, ta, ka.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua uchungu wa kukaa kimya wenzetu wakisoma. Tusiwaachie watoto wetu uchungu huo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Je, kijijini kwetu yuko mtoto aliyeshonwa mdomo, lakini bado anasemea puani?
2. Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na kwa maneno gani?
3. Kikundi chetu kinaweza kuchangia nini: nauli, jembe au chakula?