Baiskeli Isitundikwe Ukutani

Mkazi wa Maili Moja anayenunua baiskeli kwa ajili ya mazoezi huchoka mapema, wala si kwa uvivu. Njia anayoifahamu ni moja tu, Barabara ya Morogoro, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Akinusurika mara mbili, baiskeli hutundikwa ukutani. Upanuzi wa kilometa 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha umepunguza msongamano, lakini lami pana humshawishi dereva kukimbia.

Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya uhaba wa mafuta, baada ya bei kupanda mwaka 1973, Serikali ilizuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ilikuwa dhiki, ila barabara zilipumua. Hakuna haja ya kuirudisha amri hiyo. Ndugu waendesha baiskeli wanaweza kujitengea Jumapili yao wenyewe: waondoke alfajiri kwa kundi, waiache lami upesi, washike njia za vumbi za kuelekea Soga, kwenye Reli ya Kati, katikati ya mikorosho na miembe. Mchanga wa Pwani huchosha miguu, hasa kiangazi. Lakini haumgongi mtu. Na anayesubiriwa na wenzake huamka, ilhali aendaye peke yake hapungukiwi udhuru.

TARURA nayo, inapochonga barabara za vijijini, iache ukingo mgumu wa kupitia baiskeli. Wachuuzi wanaopakia mkaa na nazi wanauhitaji kuliko wanamazoezi.