Mkizima TV mnawasha uvumi

Jamani, tuambiane ukweli. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza TV na redio ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV, KTN na K24 zikazimwa.

Hapa Chaani, mamangu alibaki na skrini tupu. Kakangu yuko Nairobi, hashiki simu. Kwa hiyo mama akaanza kuamini kila sauti ya WhatsApp: ati mochari zimejaa, ati vijana wanatolewa majumbani. Saa tatu usiku ndipo kaka akapiga. Kumbe simu iliisha chaji tu.

Sasa hapo mlimlinda nani? Aliye barabarani anajionea mwenyewe kwa macho yake. Mliyemfunga macho ni mama aliye nyumbani.

Na msituambie ni sheria. Kifungu cha 34 cha Katiba kinakataza Serikali kuingilia utangazaji, na Mahakama Kuu ilisimamisha agizo lenu. Januari 2018, Raila alipoapishwa Uhuru Park, mlizima Citizen, NTV na KTN. Mbona hamjifunzi?

Mama siku hizi hata TV ikiwaka anauliza: "Hii ni yote, ama wamekata?" Hiyo imani mtairudisha vipi?