Mtoto Huyu Hakulogwa

Labda mtoto wako hupepesa macho, hutikisa shingo au hutoa sauti kooni bila kupenda. Tena shuleni hawezi kutulia. Jirani hapa Burungu watasema, "Ni mlozi huyu." Usikubali. Mambo hayo huitwa tiki, nayo yatoka katika ubongo. Fimbo haiyaponyi. Tena sheria ya Kongo ya mwaka 2009 inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi.

Iko dawa ya kumsaidia mtoto asiyetulia, jina lake metilfenidati. Waganga wengi waliogopa kuwapa watoto wenye tiki, wakidhani itazizidisha. Basi huko Marekani watoto 136 walijaribiwa, na habari zao zikatangazwa mwaka 2002. Waliopewa dawa hiyo hawakuzidiwa na tiki kuliko waliopewa vidonge vitupu. Kumbe tiki hupanda na kushuka zenyewe, na dawa ililaumiwa!

Kwa hiyo mtoto asinyimwe dawa kwa hofu tu. Wala usimnunulie sokoni. Mganga wa hospitali aupime kwanza moyo wake na uzito wake, aanze na kipimo kidogo. Dawa hiyo yaweza kupunguza usingizi na hamu ya chakula.

Kama dawa haipatikani, mwalimu amketishe mbele, ampe kazi fupi fupi, amsifu akimaliza. Watoto wengi hupungukiwa na tiki wakikua.

Tumwombee, ndiyo. Lakini kumpiga na kumnyima chakula si maombi.