Mboga ya Bustani Ipite Jikoni Kwanza

Mkoa wa Simiyu unasifika kwa pamba, lakini pamba hailiwi. Kiangazi kikishika Bariadi, mchicha na mgagani huadimika, na mtoto hubaki na ugali na kitoweo kidogo. Akikosa mboga za majani kwa muda mrefu, anaweza kupungukiwa vitamini A inayolinda macho, na madini ya chuma yanayojenga damu.

Tangu mwaka 2004 Tanzania ina chama cha kilimo cha bustani, TAHA, chenye makao makuu Arusha, kinachowasaidia wakulima kulima vizuri na kufikia masoko. Soko ni jema. Hata hivyo, vikundi vyetu vya bustani visipimwe kwa fedha peke yake, bali pia kwa sahani ya mtoto.

Kikundi ni darasa. Humo akina mama hufundishana kupanda mboga kwenye kiroba karibu na jiko, na kuimwagilia maji yaliyooshea mboga. Wazee wetu wanajua kukausha majani ya kunde. Tuyakaushe kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A. Wakati wa kupika tutie mafuta kidogo, yausaidie mwili kuipokea. Na dawa ya kunyunyizia pamba isiguse mboga kamwe: ni sumu.

Ndugu wazazi, uzeni mboga, msomeshe watoto. Lakini fungu la kwanza lisiende sokoni kabla ya kupita jikoni kwenu.